Kampuni ikijenga nchi yake Mirihi, Tanzania iitambue?

Mleta mada (Mpwapwa)

Wakuu, swali ni la kubuni, ila naomba mlijibu kama vile limeshafika mezani. Tuseme kampuni kubwa ya roketi imejenga makazi kwenye sayari ya Mirihi. Wakazi laki moja. Ina polisi, mahakama, sarafu na wimbo wa taifa. Mkuu wa nchi ni mkurugenzi mtendaji, na kura zinahesabiwa kwa hisa, si kwa vichwa. Tuliite Taifa la Hisa. Sasa limeleta barua Mtumba, kwenye mji wa serikali hapa Dodoma: linaomba kutambuliwa, kufungua ubalozi, na kuchukua vijana wetu elfu kumi kwa mkataba wa kazi.

Mimi nasema ajira tuzungumze, bendera hapana.

Anayedhani hizi ni sinema aangalie yanayoendelea. Mei 2025 wakazi wa Starbase kule Texas, wengi wao watu wa SpaceX, kampuni ya roketi ya Elon Musk, na familia zao, walipiga kura 212 kwa 6 kuufanya mtaa wa kampuni kuwa mji kamili. Na mwaka 2020 masharti ya Starlink, huduma ya intaneti ya SpaceX hiyo hiyo, yalimtaka mteja akubali kwamba Mirihi ni sayari huru na hakuna serikali ya duniani yenye mamlaka huko. Mteja anataka intaneti, anasainishwa mambo ya sayari nyingine!

Na sisi wa huku tulishatawaliwa na kampuni. Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Carl Peters alipita Usagara, Ukami, Nguru na Uzigua akiwatia machifu alama kwenye karatasi za Kijerumani. Februari 27, 1885 Kaisari akaipa kampuni yake hati ya ulinzi. Mwaka 1887 ikaweka kituo hapa Mpwapwa. 1888 ikakodi pwani kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, ikapandisha bendera yake Pangani, watu wakainuka na Abushiri, na mwaka uliofuata vita ikafika mpaka kituo cha Mpwapwa. Kampuni ilishindwa kujilinda. Serikali ya Ujerumani ikaleta askari, na Januari 1, 1891 ikaichukua nchi yenyewe. Faida ilikuwa ya wanahisa, gharama ya vita akabebeshwa mlipa kodi wa Ujerumani, na maiti tukazika sisi.

Dalali wa Majengo

Mkuu, historia umeimwaga vizuri ila umeikata unapopenda. Baada ya 1891 kilifuata nini? Kodi ya nyumba, pamba ya lazima, Majimaji ya 1905. Hiyo ilikuwa serikali. Na kampuni unayoisema haikufa, iliendelea na biashara na mashamba. Mtaalamu wake, Richard Hindorf, ndiye aliyeleta miche ya mkonge mwaka 1893, na mkonge umeilisha nchi hii miaka na miaka.

Halafu twende Kongwa, jirani zako. Mradi ule wa karanga haukuwa wa hela za mwanahisa. Serikali ya Uingereza ndiyo iliyotaka mafuta ya kula, 1947 ikamwaga matrekta, udongo ukikauka unakuwa kama zege, mvua ikagoma, mashine zikafa. Kufika 1951 mradi umeachwa na pauni milioni 36 zimekwenda. Mwenye hela yake mfukoni angesimama msimu wa kwanza. Mimi nikikosea kwenye biashara nalala njaa. Serikali ikikosea inaongeza tozo. Waacheni wenye hela zao wajaribu.

Mjukuu wa Ugogo

Namuunga mkono dalali nusu. Wagogo wanaikumbuka Mtunya, njaa ya 1917 mpaka 1920. Majeshi ya Wajerumani yalichukua ng'ombe na nafaka, yakaja ya Waingereza nayo yakachukua, mvua ikakosekana, watu wakafa kwa maelfu. Zote mbili zilikuwa serikali, zenye mihuri na mabunge Ulaya. Kwa hiyo mleta mada asituuzie serikali kama dawa. Ila sijaona bado kwa nini hilo linaifanya kampuni iwe bora.

Mleta mada

Ndugu yangu dalali, Kongwa umeniletea zawadi. Kwanza, mwaka ule wa mwanzo kazi ilisimamiwa na United Africa Company, tanzu ya Unilever, kwa niaba ya serikali. Shirika la umma lilishika usukani 1948. Kwa hiyo kampuni ilikuwepo shambani wakati matrekta yanakufa, na haikusimama. Lakini la msingi si hilo. Hiyo milioni 36 umeijuaje? Umeijua kwa sababu waziri aliitwa bungeni London, akabanwa mbele ya wapinzani na magazeti. Kwenye Taifa la Hisa swali lako lingekwenda kwenye mkutano wa wanahisa, na wewe huna hisa hata moja.

Kuhusu Mtunya sina ubishi. Waliopora hawakuwa na wa kumjibu hapa Ugogo, maana Mgogo hakuwa na kura Berlin wala London. Ndiyo hoja yangu yenyewe: mtawala asiyeweza kuulizwa na anayetawaliwa. Kampuni inalifanya hilo kuwa katiba.

Mama wa Chang'ombe

Mnakwenda mbali, mpaka 1885! Sisi Dodoma tulikuwa na CDA, mamlaka ya kuustawisha makao makuu, kuanzia 1973. Diwani tulimchagua, lakini kiwanja kilikuwa mikononi mwa mamlaka ambayo hatukuichagua, na hati zake za miaka 33 wakati wengine nchini wana 99. Sisemi haikufanya kitu. Barabara zilizonyooka na mitaa iliyopimwa tunaiona. Lakini ukiwa na shida unakwenda ofisi hii, unaambiwa nenda ile. Mei 2017 Rais Magufuli akaivunja kwa saini, kazi zikahamia manispaa. Sasa nauliza, huko Mirihi saini ya kuvunja kampuni ataiweka nani?

Dalali wa Majengo

Mama, shikamoo. Ukichoshwa na kampuni unahama. Ndiyo uzuri wake. Mwenye duka mbaya anakimbiwa na wateja.

Mleta mada

Unahama kwa basi gani? Dunia na Mirihi zinakaa mkao mzuri wa kusafiri kila baada ya miezi 26 hivi, na safari ni miezi saba mpaka tisa. Ukifukuzwa kazi Jumatatu, hewa unayovuta Jumanne ni mali ya mwajiri. Maji ni yake, chumba ni chake, roketi ni yake. Hata simu nyumbani, ukisema "mama", sauti inamfikia baada ya dakika tatu mpaka ishirini na mbili, na mtandao ni wa kampuni. Soko linahitaji mlango wa kutokea, dalali. Hapo mlango wenyewe unauzwa na yule yule.

Sheria, UDOM

Wakubwa, niingie kidogo. Kwa Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, ibara ya 2, hakuna nchi inayoweza kujimilikisha mwezi wala sayari. Ibara ya 6 inasema nchi inawajibika kwa shughuli za angani za kampuni zake. Ibara ya 8: nchi iliyosajili chombo inabaki na mamlaka juu ya chombo na waliomo. Marekani kwa sheria ya 2015, na Luxembourg 2017, zimeruhusu kampuni zao kumiliki madini zitakayochimba, lakini si ardhi yenyewe. Kwa hiyo ile barua ya Mtumba ijibiwe: hatuwajui, tutaongea na nchi iliyowasajili. Na vijana wakienda, nauli ya kurudi iwekwe benki ya hapa nyumbani kabla hawajapanda.

Kinachonisumbua ni kingine. Sheria yetu ya Uraia ya 1995 inampa mtoto aliyezaliwa nje uraia kwa kurithi kama mzazi wake ni raia. Lakini uraia huo wa kurithi haumwendei mtoto wake naye akizaliwa nje. Maana yake kijana wa Kondoa akizaa Mirihi, mtoto ni Mtanzania. Mjukuu akizaliwa huko huko, si Mtanzania. Na kama Taifa la Hisa halitambuliwi, si wa popote.

Mama wa Chang'ombe

Eti nini? Mjukuu wangu awe wa kampuni?

Dalali wa Majengo

Mnaona? Kukataa kuitambua ndiko kunakomwacha mtoto bila nchi. Kampuni angalau itampa kitambulisho.

Sheria, UDOM

Kitambulisho ambacho mwajiri wa baba yake anaweza kukifuta. Kaka, kifungu cha uraia kinarekebishwa na Bunge, na Bunge liko hapa hapa mjini.

Dalali wa Majengo

Basi mpelekeeni mbunge kwanza hilo la mjukuu. La bendera bado sijakubali.