Mjadala: Klabu iachwe ilipe mishahara isiyoimudu?

Wadau, kila klabu kubwa inapozuiwa kusajili, kilio ni kile kile: sheria za fedha zinaua mpira, tajiri akitaka kumwaga pesa zake aachwe azimwage. Mimi nasema sheria hizo zimechelewa, na tena bado ni laini mno. Naweka sababu zangu mezani, asiyekubaliana nami azipangue.

Nianze na Portsmouth. Mei 2008 walibeba Kombe la FA kwa bao la Nwankwo Kanu dhidi ya Cardiff City. Kikosi kilikuwa na David James, Sol Campbell, Sulley Muntari, Lassana Diarra. Uwanja wao, Fratton Park, unaingiza watu kama elfu 20 tu. Viingilio vya uwanja wa namna hiyo haviwezi kulipa majina hayo. Pesa ilikuwa ikitoka mfukoni mwa mmiliki. Alipofunga mkono, mambo yakaharibika haraka. Februari 2010 klabu ikawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi, ya kwanza kufikwa na hilo ikiwa ndani ya Ligi Kuu ya England. Wakakatwa pointi 9, wakashuka, na kufikia 2013 walikuwa wameangukia daraja la nne.

Ila kilichonikera mimi zaidi ni orodha ya wadai. Humo walikuwamo St John Ambulance, watu wa kujitolea wanaokaa pembeni mwa uwanja kutoa huduma ya kwanza. Kwa kanuni za soka la England, klabu iliyofilisika ikitaka kubaki kwenye ligi lazima iwalipe wachezaji na klabu nyingine deni lao lote. Wakati huo wengine wote, kuanzia mtoa huduma ya kwanza hadi mamlaka ya kodi, waligawana makombo. Mamlaka ya kodi iliipinga kanuni hiyo Mahakama Kuu, na mwaka 2012 ikashindwa. Kwa hiyo tunapoambiwa "ni pesa zake, aachwe", tuulize kwanza: zikiisha, nani anabaki anadai?

Shida yenyewe si ngumu kuielewa. Mkataba wa mchezaji ni wa miaka minne au mitano, na mshahara wake haushuki eti kwa sababu timu imefungwa. Mapato ndiyo yanayoyumba. Leeds United walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa 2001, huku wakiwa wamekopa kwa kutegemea mapato ya mlangoni ya miaka ijayo. Wakaikosa michuano hiyo misimu miwili mfululizo, basi, hesabu yote ikaporomoka. Rio Ferdinand akauzwa Manchester United 2002, wenzake wakafuata, klabu ikashuka 2004, na 2007 ikajikuta daraja la tatu. Hakuna aliyeiba. Walipanga bajeti kana kwamba kushinda ni jambo la uhakika.

Barcelona nao walikuwa hapo hapo. Agosti 2021 rais wao, Joan Laporta, alitangaza madeni ya euro bilioni 1.35, na mishahara ilikuwa imefika asilimia 103 ya mapato. Messi aliondoka akilia mbele ya waandishi wa habari. Na mwaka uliofuata ili wasajili tena wakauza asilimia 25 ya mapato yao ya televisheni ya La Liga kwa miaka 25. Maana yake kikosi cha 2045 kitaingia uwanjani robo ya fungu hilo ikiwa imekwishaliwa na watu waliostaafu zamani. Shabiki anayezaliwa leo hakuulizwa.

Sasa hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Wanasema ukomo wa mishahara unawalinda vigogo. UEFA imeweka kwamba gharama ya kikosi, yaani mishahara, ada za usajili na malipo ya mawakala, isizidi asilimia 70 ya mapato. Walianza na 90 msimu wa 2023/24, wakashuka 80, kisha 70. Ni kweli kwamba asilimia 70 ya Real Madrid, waliovuka euro bilioni moja msimu wa 2023/24, ni mlima kwa wengine. Nakubali. Lakini dawa yake ni kugawana pesa za televisheni kwa usawa zaidi. Kumruhusu mdogo akope mpaka azame hakumfanyi awe mkubwa. Leicester walichukua ubingwa 2016 bila mishahara ya kutisha. Walipojaribu kuishi kama vigogo, mishahara ikazidi mapato yote, na 2023 wakashuka. Borussia Dortmund walikaribia kufa 2005, wakabana matumizi, wakawaamini vijana, wakabeba ubingwa wa Ujerumani 2011 na 2012.

Na tusichanganye madeni. Arsenal walikopa kujenga Emirates, wakafungua 2006, wakateseka miaka kadhaa wakiuza nyota wao, lakini uwanja upo na unaingiza pesa kila wiki. Mkopo wa kulipa mishahara hauachi kitu ila riba. Ule wa Manchester United 2005, ambapo gharama ya kuinunua klabu ilibebeshwa klabu yenyewe, mimi ningeupiga marufuku kabisa.

Wachezaji siwalaumu. Maisha yao ya uwanjani ni mafupi, na aliyeahidiwa mshahara alipwe. Mwenye makosa ni aliyesaini akijua hana.

Panaponitatiza ni adhabu. Everton walikatwa pointi 10 Novemba 2023, zikapunguzwa hadi 6 baada ya rufaa, na walioumia ni wachezaji na mashabiki ambao hawakusaini kitu. Mimi ningetaka mmiliki aweke fedha taslimu za dhamana, zinazotosha mishahara ya mikataba yote, kabla msimu haujaanza. Asipoziweka hasajili hata mtu mmoja. Anayeona hilo haliwezekani aseme kwa nini, na atuambie yeye angembanaje mmiliki bila kumuumiza shabiki.