Tope la mdomo wa Kawa: tulizoe kwa pesa ya mchanga?

Fundi wa Kadutu
Ndugu zangu wa Bukavu, kuna jambo linanikera tangu mvua zianze. Kila mvua kubwa, mto Kawa unashuka mwekundu kutoka vilimani, umebeba udongo, chupa, mifuko, safari nyingine hata mlango wa nyumba ya mtu, na mzigo wote unautua ziwani Kivu. Mahali tulipokuwa tunajitosa utotoni, leo maji ni ya magoti. Sasa kuna wazo linazunguka mjini na wengi wanalipenda: aletwe mwenye mashine ya kunyonya tope, asafishe ghuba bila kulipwa franga, ajilipe kwa kuuza mchanga atakaoutoa.

Mimi nililiunga mkono mapema kabisa. Ninajenga miaka kumi na tisa sasa, najua mchanga unavyotumaliza. Ila juzi nilishuka pale mdomoni na chupa tupu ya maji. Nikaijaza mchanga hadi theluthi, nikaongeza maji na chumvi kidogo, nikatikisa, nikaiacha ilale. Asubuhi mchanga ulikuwa chini, kina cha vidole viwili, na juu yake tope laini karibu kina hichohicho. Sisi mafundi tope likipita sehemu moja kwa kumi, mchanga huo tunaukataa au tunauosha kwanza. Huu una na majani yaliyooza, na uozo unazuia simenti kushika vizuri. Punje zake zenyewe ni unga mtupu: mchanga wa hivyo unakunywa maji na kula simenti, na beto (zege) bado inatoka dhaifu.

Hapo nikageuka. Anayejilipa kwa mchanga atafuata mchanga. Atatega mashine hapo Kawa siku mbili, apigwe picha, kisha ahamie kwenye ufuko safi ambao hakuna aliyewahi kuulalamikia. Tope litabaki palepale, ufuko ndio utaondoka. Nasema ghuba isafishwe, ila mchanga usiwe ndio mlipaji. Nipingeni.

Mkaaji wa Nguba
Fundi, nakuheshimu, lakini nani alipe? Tukingoja mfuko wa serikali, wajukuu wetu watavuka kwenda Kamembe, upande wa Rwanda, kwa miguu. Mchanga mchafu si unaoshwa? Huyo mtu awekewe maboya, akivuka mpaka mashine inakamatwa. Basi.

Fundi wa Kadutu
Mzee wangu, maboya yanalinda mchana.

Mama wa Panzi
Mnaongea mchanga, na gesi je? Kule Kamerun, ziwa Nyos lilitapika gesi usiku mmoja wa 1986, wakafa watu kama 1,700. Kivu letu lina gesi nyingi kuliko hilo. Msilichokoze.

Mwanajeolojia wa Ibanda
Mama, hofu yako ina msingi, lakini si hapa. Methani na kaboni dioksidi za Kivu kwa sehemu kubwa zimeyeyuka ndani ya maji ya chini sana, kuanzia mita 250 hivi kushuka, na uzito wa maji ya juu ndio unaozikandamiza. Vilindi hivyo viko kaskazini, ziwa linakokaribia mita 485. Mkono wetu wa Bukavu haufiki huko, una kama mita mia moja tu. Kuzoa tope kwenye maji ya mita tatu hakuigusi gesi.

Kinachonitisha mimi ni mto wenyewe. Ukichimba shimo refu mdomoni, mto unapata mteremko mpya na kuanza kujichimba kurudi nyuma, kuelekea juu. Sakafu ya mto inashuka, kingo zinabaki wima, zinaanguka. Na kingo za Kawa mnajua zimebeba nini: nyumba juu ya nyumba. Kwa hiyo hata tope likizolewa kwa pesa halali, lizolewe kwa tabaka jembamba na kwa upana, si kwa shimo.

Jingine: kuna waliosema tuanzie mto Ruzizi, mahali maji ya ziwa yanapotoka. Pale si pa kuchezea. Maji yanayotoka yanapitia bwawa la Ruzizi I, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na tatizo lake tunalijua: plastiki yetu inaziba mitambo, umeme unakatika, tunalaani giza. Amri ya Desemba 2017 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Angalieni sokoni leo asubuhi.

Mvuvi mzee
Sambaza, hao samaki wadogo, hawakuwa wa ziwa hili, waliletwa kutoka Tanganyika tukiwa wadogo. Watoto wao wanakulia ukingoni. Tilapia naye anachimba kiota kwenye mchanga wa maji mafupi. Mkinyonya mchanga safi, mmenyonya kitanda cha samaki. Tope la Kawa chukueni lote, hakuna samaki anayelitaka.

Kijana wa Funu
Mimi sina neno, mniletee hilo tope. Kiwanja changu kiko kwenye mteremko, nataka kukijaza.

Fundi wa Kadutu
Mdogo wangu, wewe wa Funu ndiye unayesema hivyo? Huko ardhi inateleza yenyewe, na udongo wetu mwekundu ukilowa unakuwa sabuni. Ukiongeza tope la ziwa juu yake umejitengenezea kitelezi. Tope halishindiliki, linashika maji miezi, likikauka linanywea na kupasuka, na ukuta wako unapasuka nalo. Jaza kwa mawe na changarawe, tabaka la sentimita ishirini, shindilia, ndipo uweke jingine. Na nyuma ya ukuta acha matundu ya maji kutoka. Kokoto ya beto chagua yenye kona, iliyopondwa, isiyo na vumbi la udongo. Tope hilo lipelekwe bondeni likakaushwe, plastiki iokotwe, kisha watu wa bustani walipime kabla ya kulitumia.

Mkaaji wa Nguba
Haya, nimeelewa kidogo. Tuseme basi mwenye mashine alipwe kwa mita ya tope iliyotoka, na mchanga ukipatikana uwe wa mji. Pesa itoke kwenye ushuru wa malori yanayobeba mchanga kila siku. Unakubali?

Fundi wa Kadutu
Hapo nakubali. Ila mita zihesabiwe na mtu asiye na lori.

Dada wa Muhanzi
Mimi nabeba mchanga mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kutoka mtumbwini hadi barabarani. Nimesoma yote. Mmehesabu mashine, mmehesabu samaki, mmehesabu malori. Siku mashine itakapomwaga mchanga moja kwa moja ndani ya lori, sisi wamama tutabeba nini?

Fundi wa Kadutu
Dada, hilo sikuliwaza. Mnalipwa ngapi kwa mzigo mmoja?