Rangi ya kijani inamwagika faili zima, naombeni ushauri

Kijana wa Wete: Assalaam alaykum wanajamvi. Natengeneza plagini ya VS Code, ile programu ya kuandikia msimbo, ya kupaka msimbo rangi. Maneno makuu yanakaa sawa, namba sawa, ila kijani ya matini, yaani maneno yaliyo ndani ya alama za nukuu, ikianza mahali haikomi, inateremka mpaka mwisho wa faili. Nifanyeje? Nina haraka kidogo.

Mzee wa Darajani: Haraka ya nini? Karafuu zinapukutika, vijana mmeinamia laptopu.

Fundi Maandazi: Lugha gani? Weka hapa mstari unaoanza kumwaga.

Kijana wa Wete: Lugha ya kawaida tu.

Fundi Maandazi: Ya kawaida ina jina, yakhe.

Kijana wa Wete: Haya. Lugha yangu mwenyewe, maneno yake ya Kiswahili. Mstari ni huu: `andika 'Ng'ambo'`

Fundi Maandazi: Ahaa. Inafunguka, inafungika kwenye Ng, halafu alama ya tatu inafungua upya. Sarufi ya TextMate, yaani kanuni ambazo VS Code hupakia rangi, husoma mstari mmoja mmoja, lakini `begin` (ya kufungua) ikishafunguka huvuka mistari hadi ikutane na `end` yake (ya kufunga). Kwenye `begin` weka `(?<!\\w)'`, kwenye `end` weka `'(?!\\w)`. Alama ya mkwaju nyuma uiandike mara mbili, maana hilo ni faili la JSON. Au tumia " yaishe.

Kijana wa Wete: Hiyo " siitaki, inachafua macho. Halafu vipeperushi vyenye mifano nishachapisha.

Bi Mkoani: Vipeperushi kabla ya kazi! Mume wangu naye alinunua mashine, boti hana. Mpaka leo iko ukumbini, naitandikia kitambaa.

Mzee wa Darajani: Sisi Pemba kabla ya waya wa baharini kutoka Tanga, mwaka 2010, ilikuwa majenereta. Unaandika barua, umeme huo umekwenda. Rangi nani aliiwaza?

Pweza Mkavu: Ngojeni kwanza. Lugha hii inaendeshwa na nini? Ikishapakwa rangi nani anaisoma? Mie nanusa chai hapa, tena ya tangawizi.

Kijana wa Wete: Si chai wallahi. Kisomaji bado sijaandika. Nimeanza na rangi ili watu wavutike.

Pweza Mkavu: Hahaha! Lugha haipo, vipeperushi vipo. Uzi ufungwe.

Fundi Maandazi: Ipo haipo, hitilafu ni ya kweli, nimeijaribu kwangu. Ila kijana, kisomaji chako nacho kiamue vivyo hivyo kuhusu ng', la sivyo rangi itasema hivi na programu vile.

Kijana wa Wete: Imekoma! Kisomaji nitakifikiria baada ya Jumamosi, nishaalika watu.

Mzee wa Darajani: Hivyo vipeperushi umechapisha wapi, na kwa bei gani? Nina kadi za harusi.