Rangi ya maganda ya vitunguu kwa biashara ya nguo, inadumu kweli?

dada_wa_Ilala: Wakuu habari, nataka kuanzisha kabrandi kadogo ka madera na mashati ya pamba, rangi zote nitoe kwenye mabaki ya jikoni, maganda ya vitunguu sokoni yanamwagwa tu na mama ntilie wa mtaani keshakubali kuniwekea kokwa za parachichi. Naogopa mteja akifua mara mbili rangi iishe. Nani anajua?

Fundi Pamba: Kitunguu kinashika, kinatoa njano mpaka kahawia. Bizari na bitiruti achana nazo kwa biashara, zinapauka haraka mno juani. Kazi yote iko kwenye shabu dada, ile chumvi ya mawe meupe inayoshikisha rangi kwenye kitambaa. Chemsha kitambaa na sabuni kwanza kitoe wanga wa kiwandani, kisha kila kilo ya kitambaa kikavu weka gramu 150 hivi za shabu, loweka usiku kucha. Na pamba ni mbishi kuliko hariri, kabla ya shabu ianzie kwenye maji ya kitu chenye ukakasi, maganda ya komamanga au majani ya chai yaliyotumika.

mzee_kijana: Hakikisha ni pamba kweli, choma uzi, ukiyeyuka ukawa kidonge hiyo poliesta

dada_wa_Ilala: Na kokwa za parachichi?

Fundi Pamba: Pinki iliyofifia, nzuri sana. Ila sufuria mbili hazitoki sawa, kwa hiyo usipokee oda ya sare za harusi 😂 Na kwenye lebo usiandike "haina kemikali", shabu ni nini sasa?