Msaada: GX100 inachemsha kwenye foleni, nitoe feni ya klachi niweke ya umeme?

Mzee wa Goba

Wakuu, habari za jioni. Nina Mark II GX100 ya 1997, injini 1G-FE ile ya mwanzo isiyo na VVT-i. Nimeinunua mwaka juzi kwa mtu wa Tabata. Kwa kadi mimi ni mmiliki wa nne, kwa ukweli sijui ni wa ngapi. Bodi halijaguswa, mlango ukifunga unalia kama wa friji.

Feni yake ni ile ya klachi, inayozungushwa na mkanda wa injini. Tatizo la gari ni foleni. Natoka Kariakoo saa kumi na moja jioni, mpaka Magomeni mshale wa joto umetulia chini kidogo ya katikati. Nikifika Ubungo, magari yakisimama robo saa na AC imewashwa, mshale unaanza kupanda polepole. Nazima AC, nashusha vioo, nawasha hita ichote joto la injini. Ndiyo, hita, Dar es Salaam, mwezi wa kumi na moja, nimevaa shati la ofisini. Kuna dada jirani tunachangia mafuta, sasa hivi ameanza kupanda mwendokasi. Foleni ikiachia tu, nikapata hata spidi 50 kuelekea Kimara, mshale unashuka wenyewe na hausogei tena hadi nyumbani.

Fundi wangu hakufungua hata boneti. Kasema: "Toa hiyo feni ya klachi, nakuwekea ya umeme ya Noah, laki mbili na ishirini pamoja na ufundi. Wenye Mark II Grande wote wameshabadilisha." Nimempa laki ya kuanzia. Jana shemeji yangu anayeendesha semi ya Tunduma kanipigia akiwa Mikumi, kanikanya: hiyo feni itakutoa machozi mlima wa Kitonga. Na mwezi ujao lazima niende Njombe, kilomita kama 700, familia nzima, mizigo hadi miguuni mwa watoto.

Waliobadilisha na waliokataa, naomba mnishauri. Halafu kitu kingine, sijui kama kinahusika: feni yangu iko wazi kabisa, naweza kuingiza mkono kutoka upande wowote. Kwenye gari ya jirani kuna plastiki jeusi limeizunguka.

Chuma Chakavu

Mkuu weka ya umeme ulale. Mimi mwaka wa tatu huu, gari imekuwa nyepesi, mlio umekwisha na mafuta yamepungua. Hizo za klachi ni za enzi za babu.

Umeme wa Rock City

Mzee wa Goba, mimi ni fundi umeme wa magari hapa Mwanza, mwaka wa 16 sasa. Feni za umeme nimefunga nyingi na zimenilipia ada za watoto, sina ugomvi nazo. Ila fundi anayeandika dawa boneti likiwa limefungwa, hapo mimi nashika pochi yangu.

Ugonjwa wako umeshaueleza mwenyewe. Ukitembea, upepo unaingia mbele bila kuisubiri feni, gari inapoa. Ukisimama, upepo ni wa feni peke yake, gari inachemsha. Kwa hiyo maji yanazunguka na rejeta inapitisha, hewa ndiyo haipiti.

Kesho asubuhi kabla hujawasha, ufunguo ukiwa mfukoni, sukuma panga la feni kwa kidole. Klachi nzima ni nzito, unasikia kama unakoroga asali, ukiachia inasimama hapohapo. Ikiendelea yenyewe raundi mbili tatu, hiyo imekufa. Kisha tazama mbele ya klachi, katikati, pale penye springi bapa iliyojiviringisha kama dawa ya mbu ya kuchoma. Springi hiyo inahisi joto la hewa inayotoka kwenye rejeta. Ikipata moto inajikunjua, inafungua kitundu, mafuta ya silikoni yanaingia kati ya sahani na feni inashikana na puli. Ikipoa, mafuta yanarudi kwenye chumba chake na feni inalegea. Hakuna waya, hakuna fyuzi. Ukikuta utando mweusi wenye vumbi umetawanyika kutoka katikati kwenda nje, silikoni imevuja, na feni inazunguka kwa kusindikiza tu.

Sasa hiyo ya umeme. Feni moja ya maana inakula ampea 15 mpaka 25 ikishachanganya, na sekunde ile inapoanza inavuta zaidi. Ukiwa foleni ya usiku, mvua inanyesha, una taa, waipa, AC, na injini iko sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, altenata ya gari ya zamani inatoa umeme kidogo. Inataka rilei yake (swichi ya kubeba umeme mkubwa), fyuzi ya 30 karibu na betri, waya mnene, na swichi ya joto iliyozama kwenye maji, mfano iwashe kwenye nyuzi 93 na kuzima kwenye 87. Mafundi wengi wanaruka yote hayo, wanavuta waya mwembamba hadi kwenye swichi ya kubonyeza chini ya usukani. Nililetewa Toyota Chaser imefungwa hivyo. Mwenye gari alikuwa anajua kubonyeza. Siku hiyo alimwazima mdogo wake kwenda msibani Magu, mdogo mtu hakuambiwa chochote kuhusu kitufe. Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilipinda hadi ukiweka rula unaona mwanga chini yake.

Nyingine ililetwa feni inazunguka vizuri, inavuma, na gari inachemsha vilevile. Waya zilikuwa zimegeuzwa, feni inasukuma hewa kwenda mbele, inapigana na upepo wa barabarani. Ukishafungiwa, chukua kipande cha gazeti ukiweke mbele ya gari. Kinatakiwa kinaswe kwenye grili. Kikipeperuka, rudisha gari kwa fundi.

Chuma Chakavu, mafuta kupungua inawezekana, hasa kama klachi yako ya zamani ilikuwa imeshikana moja kwa moja. Hizo ndizo zinazounguruma kutwa na kula nguvu. Iliyo nzima, kwenye barabara ya wazi inakuwa imejilegeza, tofauti ni ndogo.

Umeme wa Rock City

Nimerudi kusoma mwisho wa bandiko lako, nimeshika kichwa. Hilo plastiki ni kava la feni na nusu ya kazi inafanywa nalo! Bila kava, feni inavuta hewa ya pembeni, ile ile ya moto iliyokwisha kupita kwenye injini, inaizungusha humo humo. Rejeta yako ni mstatili, feni ni duara, kava ndilo linalolazimisha upepo upite kwenye kona zote. Kuna mtu alibadilisha rejeta akaona kurudishia kava ni usumbufu. Tafuta hilo kabla ya kitu chochote.

Na klachi ikiwa imevuja tu, bado inafufuka. Toyota wana mafuta ya silikoni kwenye vitubu vidogo, kuna ya 3,000 na ya 10,000, namba ikipanda mafuta ni mazito zaidi na feni inashika kwa nguvu zaidi.

Babu wa 504

Salaam aleikum vijana. Mimi niko Mombasa, gari yangu ni Peugeot 504. Nawasoma mwazungumza kana kwamba feni ni mbili tu. 504 ina ya tatu: yazungushwa na mkanda, lakini katikati mna koili ya sumaku. Maji yakipata moto, swichi ya rejeta yapeleka umeme kwa kaboni ndogo, sumaku yavuta, feni yashikana. Wasikia "tak!" kisha upepo. Kaboni ikiisha, wakaza zile skrubu tatu za kurekebishia nafasi, feni yashikana daima, na safari yaendelea. Yangu nimeiendesha hivyo miaka minne, haikunidai kitu ila kelele.

Kuhusu mlima, huyo shemeji yako hakukosea. Mimi hupanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi gari imebeba, gia ya kwanza, mbele yangu lori lasuasua kwenye kona. Mwendo ni wa mtu anayekimbia, upepo wa mbele hakuna, na injini yapiga raundi nyingi. Feni ya mkanda hufuata injini, ikihangaika nayo yahangaika. Ya umeme haijui kama uko mlimani au uko Makupa kwenye jamu, mbio zake ni zile zile. Ukija kwenye foleni ni kinyume chake. Injini iko raundi 750, feni ya mkanda yapunga kama mama anayepepea mkaa na usingizi umemshika, na ya umeme yavuma kwa nguvu zake zote. Hapo fundi wako ana haki yake, tusimnyime.

Basi jihesabie mwenyewe, foleni siku ngapi na mlima siku ngapi. Na maji ya kisima usitie kwenye rejeta, mwanangu. Huku kwetu pwani yana chumvi, hula alumini ya hedi hadi ikawa kama jibini la panya.

Ifakara 110

Mimi nina Land Rover 110, 300Tdi. Niliwaza ya umeme kwa sababu ya maji tu. Masika huku Kilombero ukiingia kwenye maji ya kufika bampa, panga la feni linageuka kasia, linajivuta mbele na linaweza kugusa rejeta. Nikaishia kununua turubai. Nalifunga mbele ya grili kabla ya kuvuka, nalitoa ng'ambo. Wenye 300Tdi mnaobadilisha klachi: ile nati ya 32 inafunguka kwa upande wa kukaza. Fundi wangu aliipiga nyundo saa nzima akiikaza.

Mzee wa Goba

Nimerudi kutoa mrejesho, samahani kwa ukimya.

Asubuhi ya Jumamosi nilisukuma panga kwa kidole kama nilivyoelekezwa. Raundi tano. Mtoto wangu akasema baba, rudia. Utando mweusi ulikuwepo, umechora jua lenye miale. Kava halipo, na mashimo ya boliti zake kwenye rejeta yameshika kutu kabisa, halijakuwepo siku nyingi.

Nikaona nitafute silikoni. Gerezani maduka manne, kila nikisema "silikoni ya klachi ya feni" naletewa ile ya kubandikia gasketi. Duka la tano kijana akaniuliza nataka nyekundu au nyeusi. Nikakata tamaa, nikanunua klachi ya mtumba kwa 70,000, baada ya kusukuma kwa kidole klachi sita mbele ya muuzaji anayenuna. Ya sita ndiyo iliyokuwa na asali. Nati nne kwenye puli ya wota pampu, kazi ya nusu saa.

Kava nimelipata Ilala kwa wanaokata magari, 25,000, limepasuka kona moja. Nimelishona mwenyewe kwa waya niliochoma kwenye jiko la gesi, nikatoboa na kufunga. Halipendezi, ila halichezi.

Tulipokuwa tunamwaga maji nikamwambia fundi mpya afungue na nyumba ya themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto. Tupu! Kuna mtu aliitoa, bila shaka kwa ile hoja ya "huku hakuna baridi, ya nini". Fundi akanionyesha mpya tuliyonunua, inayofunguka kwenye 82, kwa chini ina kisahani. Themostati ikifunguka, kisahani kinaziba njia ya mkato, maji yote yanalazimika kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kwenda kupoa. Kumbe nilikuwa natembea na ugonjwa wa tatu nisioujua. Mfuniko wa rejeta nao tumebadilisha, mpira wake ulikuwa umekauka kama ganda la ndizi. Tumejaza kulanti.

Ubungo Jumatatu, mvua, dakika arobaini, AC namba mbili. Mshale haukusogea. Nilikuwa nautazama kuliko barabara, bodaboda akanipigia kofi kwenye bodi.

Kitonga tulipanda tarehe 22 saa nane mchana, jua lile la Ruaha Mbuyuni bado liko kwenye bati. Mbele kulikuwa na trela limebeba mbolea, gia ya pili mwanzo mwisho. Kona ya pili hivi feni ikashika. Wote tuliisikia, ngurumo kama ya basi linaloondoka stendi, mke wangu akauliza ni nini hicho, nikamwambia hiyo ndiyo 70,000 yako. Mshale ulisogea kiasi cha unene wake mwenyewe, ukarudi. Shemeji kapiga simu tukiwa Ilula, tumeegesha tunakula mahindi, wala hakuuliza gari, kauliza kama tumemnunulia vitunguu.

Chuma Chakavu, sikatai yako inafanya kazi. Ningekuwa siendi kusini ningekufuata, na ningempa kazi Umeme wa Rock City. Babu, shikamoo, ile hesabu yako ilitoka 300 kwa 2, na bado nimechagua zile mbili.

Dada jirani amerudi, ila kabla hajafungua mlango anaweka kiganja dirishani kuhisi kama AC inapuliza.

Laki yangu fundi wa kwanza kakataa kuirudisha, kanipa feni yenyewe. Iko stoo, ya Noah, panga zote nzima, mota inazunguka, nimeijaribu kwenye betri. Mwenye kuihitaji anitumie ujumbe, na rilei anunue.