Sikukuu ya msimu wa joto, wageni 20, friji moja ndogo: naombeni ushauri

Mleta uzi
Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Naombeni ushauri maana siku zinakimbia. Mwaka huu sikukuu familia yote inakuja kwangu, tutakuwa kama 20 hivi, yupo bibi ambaye ameshavuka 80, yupo wifi yangu mjamzito, na watoto watano wadogo. Tutakula nje kivulini mchana na hili joto mnalijua wenyewe.

Mwaka jana walikuja watu 9 tu. Niliamka saa kumi alfajiri nikapika, saa tatu asubuhi nimemaliza kila kitu, nikafurahi kwamba nimewahi. Sufuria la wali nikalifunika nikaliacha pale pale jikoni, saladi ya viazi na kuku nikaiweka mezani nikaifunika kitambaa nzi wasiguse. Watu wamekula saa nane. Usiku ule watatu walitapika mpaka kunakucha, mmoja mwanangu wa miaka minne, nimekaa naye sakafuni beseni mkononi usiku kucha, na mpaka leo nikisikia harufu ya siki narudi pale pale. Sitaki itokee tena hasa kwa bibi na wifi. Nina friji moja ndogo, friza yake ni kile kisanduku cha juu, oveni ninayo na jiko la mkaa la kuchomea. Nipike nini na nianze na nini?

MamaPacha
Pole sana dada yangu, kuuguza mtoto usiku si mchezo. Mimi kwanza ningeutazama ule wali. Watu wengi wanamsingizia kuku au mayonesi kumbe wali ukikaa na uvuguvugu ni hatari sana, kuna bakteria wanaitwa Bacillus cereus, mbegu zao hazifi kwa kuchemka, sasa wali ukikaa uvuguvugu saa nyingi zile mbegu zinaamka, bakteria wanazaana na wanaacha sumu, na sumu ile hata ukipasha moto haitoki. Sisemi ndiyo ilikuwa sababu kwenu, na ile saladi nayo ilikaa mno, ila kutoka saa tatu mpaka saa nane ni masaa matano na sufuria limefunikwa, joto halina pa kutokea.

Kanuni ninayoifuata mimi: chakula kati ya nyuzi 5 na 60 kisizidi masaa 2, na kama hewa yenyewe imepita nyuzi 32 basi ni saa 1 tu. Kwa hiyo ama kiwe moto kweli kweli ama kiwe baridi kweli kweli, hapo katikati hapana.

Jiko Safi
Naungana na MamaPacha. Nitaongezea la menyu maana ndipo watu tunapokosea, tunapanga sahani kumi halafu friji inabeba nne. Anza na friji, ukijua inabeba nini ndo uandike menyu.

Kwa watu 20 ningepika vitu vitatu tu, vingine vyote ni vya kukata. Kuku wa kuchoma anatoka jikoni anakwenda moja kwa moja kwenye sahani. Viazi vya kuoka kwenye oveni na vitunguu na pilipili hoho, trei mbili, unaziingiza saa sita na nusu. Saladi moja ya maharage yaliyochemshwa jana yake, yakapozwa haraka yakaingia friji, ukayachanganya na nyanya, ndimu, mafuta na majani yoyote yenye harufu nzuri. Basi. Halafu mikate, na matunda mengi mengi. Kwenye joto watu wanakula kidogo kidogo na wanakunywa sana, tikiti maji lililopoa vizuri linapendwa kuliko keki, lipe ndimu kidogo na majani ya nanaa uone. Zabibu zigandishe zinakuwa kama pipi za barafu, ila za watoto wadogo zikate kwa urefu kwanza, zabibu nzima inaweza kumkaba mtoto.

Tango na nyanya usitie chumvi mapema, chumvi inavuta maji, baada ya nusu saa bakuli zima linaogelea. Tia pale watu wanapokaa.

kijana_wa_oveni
Mimi napinga kidogo hapo kwa maharage kuingia friji, chakula cha moto ukiweka kwenye friji unaiua friji, mama alitufundisha kiache kipoe mezani mpaka asubuhi ndo ukiweke.

Fundi wa Friji
Kaka hapo mama alikuwa na nusu ya ukweli. Sufuria kubwa linalotoa moshi usiliingize, litapasha vyote vilivyomo na katikati yake litabaki la moto masaa mengi. Lakini kukiacha mezani usiku kucha ndo kumlea bakteria. Dawa yake ni kukigawa, mimina kwenye trei au vyombo vipana kina kisizidi sentimita 5, sufuria likae kwenye beseni la maji ya barafu huku unakoroga, moshi ukikata unaingiza friji. Friji iwe nyuzi 4 au chini, na usiishindilie, hewa baridi lazima ipite kati ya vyombo.

Dada kwa friji yako jambo kubwa ni vinywaji vitoke mle. Kila mtoto anayetaka soda anafungua mlango na joto linaingia. Tafuta ndoo kubwa au boksi la barafu, anza leo kugandisha maji kwenye chupa za plastiki, acha nafasi juu maana maji yakiganda yanavimba, siku ikifika unazipanga na vinywaji na maji juu yake. Ukitaka soda zipoe haraka tia chumvi ya kutosha kwenye barafu na maji, dakika 20 hivi zinakuwa baridi. Boksi la pili dogo liwe la saladi, chakula na vinywaji visikae boksi moja.

MamaPacha
Hapo kwa kuku niongeze. Usimwoshe kwenye sinki, maji yanarusha vijidudu mpaka kwenye vyombo na saladi, moto ndio unaoua. Akiwa wa kugandishwa ayeyuke kwenye friji, kuku wa kilo 2 anataka siku nzima na zaidi, na awe rafu ya chini kabisa ndani ya bakuli asidondoshee vitu. Kata vipande, tia ndimu, vitunguu swaumu, chumvi na mafuta, vilale kwenye friji usiku huo, si mezani.

Mkaa usubiri ushike majivu meupe, usogeze wote upande mmoja. Unaanza upande usio na mkaa, umefunika, unamalizia upande wa moto ngozi ikauke. Mapaja ni dakika 35 hadi 45 hivi. Kipimajoto cha nyama kifike nyuzi 74 pale karibu na mfupa bila kuugusa, rangi ya nje inadanganya. Na sinia lililobeba kuku mbichi lisirudi kubeba aliyeiva, hilo watu wanalisahau kabisa wakishachanganya na maongezi.

Wifi na bibi wasipewe mayonesi ya nyumbani ya mayai mabichi, ya dukani iliyofungwa ni sawa.

Mleta uzi
Jamani Mungu awabariki, nimesoma kila mstari na mume wangu nimemsomea kwa sauti. Wali nautoa mwaka huu. Nachukua kuku, viazi vya oveni, maharage, mikate na matunda. Kuku atawekwa jikoni saa saba kamili ili saa nane aingie mezani wa moto, na vikibaki saa tisa kila kitu kinaingia ndani, sitabembeleza mtu.

Swali moja la mwisho, watoto wameomba jeli yenye nanasi, nilijaribu mwezi jana ikabaki maji tu siku mbili. Nilikosea wapi?

Jiko Safi
Hukukosea dada, ni nanasi lisilopikwa, hata kama limeiva. Lina kimeng'enya kinachokata jelatini isigande, na papai na kiwi visivyopikwa ni hivyo hivyo. Lichemshe dakika chache kwanza, lipoe, ndo uchanganye. La kopo nalo linafaa maana limeshapikwa.

Mleta uzi
Asante, nitalichemsha. Chupa nne za maji zimeshaingia friza, kesho naongeza nyingine nne.