Naomba ushauri: barabara inayokatiza reli Mariakani

Assalaam alaykum na hamjambo wanakikundi. Mimi ni wa Malindi, kwetu hakuna reli, ndiyo maana nimekwama. Tumepata kazi ya kupanua barabara ya mtaani Mariakani, nayo inakatiza reli ya zamani, ile nyembamba ya mita moja, si SGR, reli mpya ya kisasa. Michoro ya lami na mitaro iko tayari. Barua ya kuomba idhini ya reli tumepeleka, jibu bado. Sitaki vijana wachimbe karibu na mataruma (yale yanayolazwa chini ya vyuma vya reli) bila mtu wa reli kuwepo. Gari moshi la mizigo halisimami ghafla.

Mliowahi kuifanya: idhini ya reli hutangulia, au michoro hupitishwa kwanza na wenye barabara? Na malipo ya mshika bendera, yule wa kutuonya gari moshi likija, ni juu yetu au ya mwenye kazi aliyetupa kandarasi?